Mbwa Aliyetoka Ndani ya Kochi

Baba Mdogo ni fundi wa makochi, na mtaani wanamwita Misumari. Ukimwona kazini hutauliza sababu. Anatia misumari midogo mdomoni kwa mkupuo, kama mtu anayekula karanga, kisha anaitoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi, kichwa kikitangulia, anaudaka kwa vidole viwili na kugonga. Wenzake siku hizi wanatumia mashine ya kupiga pini. Kazi inakwisha upesi, na kochi linaanza kufumuka kabla mteja hajaizoea rangi yake. Yeye hataki hata kuiona mashine hiyo. Anasema pini ni ahadi ya mlevi.

Hilo lenyewe alilisema jioni, mezani. Mchana hasemi kitu. Ukimsalimu karakanani anajibu "Mm." Ukimuuliza kochi litakuwa tayari lini, "Mm-mm." Wateja wamejifunza kutofautisha mguno wa ndiyo, mguno wa bado, na ule mrefu wenye mkunjo wa nyusi unaosema: ondoa mkono wako hapo, gundi haijakauka.

Mkewe, Mama Mdogo, ni msusi. Anasukia barazani, kando ya mlango wa karakana, na anazungumza kwa niaba ya wote wawili.

"Mume wangu ana maneno mazuri sana," huwaambia wateja wake. "Ila yako nyuma ya misumari."

Waliishi hivyo kwa amani mpaka lilipoletwa kochi la kahawia.

Mwenye kochi alikuwa bwana mpole aliyehamia nyumba mpya na kulikuta sebuleni, limeachwa na mpangaji aliyetangulia. Lilikuwa limechakaa, mkono mmoja umetafunwa, linanuka kama soksi za timu nzima. Baba Mdogo alilipindua, akachana kitambaa cha chini kwa kisu, akaingiza mkono atoe sponji iliyooza. Sponji ikamlamba.

Alifungua mdomo, na misumari yote ikamwagika sakafuni. Mama Mdogo, ambaye hajawahi kusikia mlio huo katika ndoa yake yote, alikurupuka na kitana mkononi, mteja wake akimfuata nyuma, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama kama inayoshangaa.

"Kuna nini? Umejikata?"

"Kuna mtu humu," alisema Baba Mdogo.

Alikuwa mtoto wa mbwa, jike, rangi ya jivu, doa jeupe kifuani. Mbavu zake zilihesabika, kichwa ni kikubwa kuliko alivyostahili kubebeshwa. Alikuwa ameingia kwenye tundu la kitambaa, akajikunja kati ya springi, akasafirishwa na kochi bila kulia. Masikio yake yalikuwa yamekatwa vibaya, na mtu asiye daktari.

Daktari wa wanyama, dada mmoja asiyependa kuzungusha maneno, alimgeuza huku na huku mezani pake.

"Huyu ni pitibuli. Haya masikio yamekatwa ili mwenzake asipate pa kumuuma. Aliyeliacha kochi hilo alikuwa anawafuga wa kupigana."

Kuna watu wazima, wenye akili timamu na viatu vilivyong'arishwa, wanaosimama duara kutazama mbwa wawili wakichanana, kisha wakirudi nyumbani wanasema mbwa ndiye mkali. Sina maneno ya adabu kwa ajili yao, kwa hiyo niendelee na hadithi.

"Kama hammtaki, lipo banda la manispaa," daktari alisema. "Lakini niwaambie ukweli. Wa aina hii watu wema hawamchukui, wanaiogopa sura. Wanaomtaka ni wale wale wa mapigano. Na asipotakiwa na mtu..."

Hakumalizia. Alimkuna mtoto yule chini ya kidevu.

"Mm-mm," alisema Baba Mdogo, na siku hiyo hakuwa na msumari hata mmoja mdomoni.

"Amesema tunabaki naye," Mama Mdogo alimtafsiria daktari, akishusha pumzi. "Mimi sijaulizwa."

"Mm?"

"Haya, nimekubali! Lakini akigusa nywele zangu za kusukia, nitamsuka yeye mkia."

Wakamwita Sponji.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Hawakusema ufanye nini samaki akianza kukukunja wewe. Sponji alitafuna ndara, akatafuna mguu wa kiti cha mteja huku mteja amekikalia, akakokota rasta za Mama Mdogo uani kote mpaka zikawa kama ndevu za shetani. "Toka!" ndilo neno alilolisikia kutoka asubuhi hadi jioni. Toka kwenye nywele! Toka kwenye ndoo! Toka! Basi akaamua hilo ndilo jina lake. Ukimwita Sponji, anaendelea na shughuli zake. Ukimfukuza kwa "Toka!" anakuja mbio, mwili wote ukitikisika, macho yakisema: nimefika, mlikuwa mnanihitaji?

Kila mtu alikuwa mtaalamu. Seremala wa upande wa pili wa ua alishauri apakwe pilipili kila anachotafuna, akaipaka mwenyewe, akajisahau, akajifikicha jicho. Mimi, niliyekuwa nimemaliza chuo na kuishi kwao nikitafuta kazi, nilipendekeza tumfundishe kwa upole na vipande vya nyama. Vipande viliisha, upole ukafuata.

Kumbe mbwa alikuwa anafundishwa, na mwalimu wake mwenyewe hakujua.

Tulikuja kugundua siku seremala alipokuwa akiunga kitanda cha mbao nene. Misumari yake ni mirefu, na mkono wake ni wa polepole: anagonga mara moja au mbili, anapumua, anagonga tena. Sponji alikuwa katikati ya ua. Ghafla akakaa. Akainuka, akamkimbilia seremala. Akakaa. Akasogea. Akakaa tena, akihema, ulimi nje.

"Kifafa!" Mama Mdogo alipiga yowe. "Mtoto ana kifafa! Leteni maji!"

Baba Mdogo alitoka karakanani, nyundo mkononi, mdomo umejaa. Alitazama. Alimtazama mbwa, akamtazama seremala, akamtazama mbwa tena. Kisha akagonga fremu ya mlango mara moja, *ko*, akanyamaza. Sponji akaketi kitako. Akagonga mara mbili, *ko ko*. Sponji akamwacha seremala, akaja miguuni pake.

Ndipo ikaeleweka. Mtu mwenye misumari mdomoni hawezi kusema "kaa." Kila Sponji alipomsumbua, Baba Mdogo aligonga meza mara moja, mbwa akashtuka na kutulia, akatupiwa ukoko wa mkate. Wakati wa chakula aligonga mara mbili kumwita aje wale pamoja. Ile ngoma ndefu ya kazi, taratatata, Sponji aliipuuza. Lakini pigo moja likifuatwa na kimya, au mawili na kimya, hayo yalikuwa maneno aliyoambiwa yeye.

"Kwa hiyo mimi tangu asubuhi nampigisha mbwa wako gwaride?" seremala aliuliza. Akagonga mara mbili kuhakikisha. Sponji akaondoka kwenda kwake.

"Mwache, usimchoshe mtoto wa watu!" alifoka Mama Mdogo, aliyekuwa ameapa kumsuka mkia.

Basi tungefurahi hapo, lakini Sponji alikuwa anakua. Kifua kilitanuka, taya zikajaa, na ile sura iliyokuwa ya kuchekesha ikaanza kuwafanya watu wabadilishe upande wa njia. Habari zikapanda ghorofani kwa Mwalimu Mkuu.

Mwalimu Mkuu ndiye mwenye nyumba. Amestaafu shule, ila shule haijastaafu ndani yake. Wakati ule goti lilikuwa limemlaza, hashuki, kwa hiyo alitutawala kupitia dirishani. Mpangaji mmoja alikuwa amemwonyesha picha kwenye simu, picha za kutisha za mbwa wa aina yake, na dirisha likafunguka kwa kishindo.

"Fundi! Ni nini hicho uani kwangu?"

"Mm..."

"Toa misumari mdomoni unapozungumza na mimi!"

Baba Mdogo akaitema kiganjani. "Shikamoo, Mwalimu. Ni mbwa."

"Marahaba. Naona ni mbwa. Mbwa wa namna gani?"

"Wa kawaida tu, Mwalimu," Mama Mdogo aliingilia, "ila ana uso wa kufikiri."

"Sikukuuliza wewe. Nimeambiwa ni wale wa kuua watu. Humu kuna watoto, kuna wateja wenu, kuna mimi."

"Anajua kukaa, Mwalimu," alisema Baba Mdogo, na kumwonyesha akagonga nguzo. Sponji akakaa.

"Na akiwa barabarani utatembea na nguzo? Nyundo ni kazi, si lugha. Sikiliza. Goti likipona nitashuka. Siku hiyo mbwa huyo akiambiwa kaa, akae. Akiambiwa njoo, aje. Kwa mdomo, kama kiumbe mwenye malezi. Akishindwa, nitawapigia manispaa waje wamchukue, na sitaona haya kufanya hivyo."

Dirisha likafungwa. Sponji alikuwa bado amekaa, akisubiri ukoko.

Kuanzia hapo Baba Mdogo alifanya jambo ambalo hakuna binadamu aliyewahi kumshawishi afanye: alitoa misumari mdomoni. Aliiweka kwenye kifuniko cha kopo kando yake, na kila alipotaka mmoja aliinama kuutafuta, akajichoma, akalaani kimoyomoyo. Kazi ikaenda mwendo wa konokono. Kati ya msumari na msumari alimfundisha mbwa.

"Kaa," alisema.

Sponji aligeuka nyuma kuona ni nani aliyezungumza.

Sauti yenyewe ilikuwa na kutu. Hata yeye aliionea haya, kama mtu aliyevalishwa suti ya kuazima. Lakini kwa kuwa mbwa hakumcheka, alizidi kuongea. Alimweleza Sponji kwamba kochi huanza kufa kwenye pembe, kwa sababu wageni huogopa kukaa katikati. Alimweleza kwamba mtu ukitaka kumjua, usimtazame usoni, lifumue kochi lake utazame kilichodondokea humo. Alimweleza habari za marehemu mama yake, bibi yangu, alivyokuwa akipiga mluzi akifua. Mimi sikuwahi kuzisikia. Barazani kitana kilisimama hewani, na mteja akauliza kama amesahauliwa.

"Kumbe ulikuwa na maneno yote hayo," Mama Mdogo alimwambia siku hiyo, "ukaninyima?"

"Hukuuliza."

"Ningeuliza misumari?"

Alicheka, naye akacheka, na seremala akachungulia kuona kuna msiba gani. Nyumba ilichangamka. Mbwa tu ndiye hakujifunza. Alipenda sana kusikiliza, kichwa kimeinamishwa upande, lakini "kaa" na "njoo" kwake zilikuwa sehemu ya ile hadithi tamu ndefu, hazikuwa amri. Sauti ya bwana wake ilimpa usingizi.

Alasiri moja nilimkuta Baba Mdogo amekaa juu ya springi tupu za kochi la mtu, Sponji amelala miguuni.

"Unajua kinachonitesa?" aliniambia. "Manispaa wakija na gari lao, ataingia mwenyewe. Hatakamatwa, hatavutwa. Huyu ukimfungulia mlango wowote anaingia anafurahi."

Niliyakumbuka maneno ambayo daktari hakuyamaliza, nikainama kumkuna Sponji chini ya kidevu.

Siku ya mtihani ilifika asubuhi yenye jua. Mama Mdogo alikuwa amemwogesha Sponji kwa sabuni ya wateja, akanukia kama bibi harusi. Baba Mdogo alivishwa shati jeupe na kunyang'anywa nyundo. "Leo ni mdomo," Mama Mdogo alisema. "Usije ukajisahau." Seremala aliweka vifaa chini, kwa heshima na kwa umbea.

Mwalimu Mkuu alishuka akikumbatia reli ya ngazi kwa mikono miwili, fimbo imebanwa kwapani. Alipofika chini alijinyoosha, akatukagua mmoja mmoja, kucha na kola, ndipo akamtazama mbwa. Sponji alitikisa mkia mpaka miguu ya nyuma ikateleza.

"Aanze," alisema Mwalimu.

Baba Mdogo alikohoa. "Kaa."

Mkia.

"Kaa, Sponji."

Mkia zaidi.

"Kaa, mama. Tafadhali."

"Mwanafunzi haombwi," alisema Mwalimu. "Swali la pili."

"Njoo. Njoo, njoo hapa."

Sponji alikwenda kunusa viatu vya seremala. Jasho lilikuwa limelichora shati jeupe mgongoni. Mama Mdogo alijizuia mpaka mishipa ikamtoka shingoni, akashindwa.

"Toka!" alinong'ona.

Sponji aliruka juu, akaja kwake mbio.

"Amekuja!" Mama Mdogo alishangilia. "Mwalimu, umeona? Ameitwa, amekuja."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia... aje."

"Mimi goti ndilo bovu, masikio yangu mazima. Umemwambia atoke." Mwalimu alitikisa kichwa, na nitamtendea haki: hakufurahi. "Basi, imetosha. Fundi, wewe ni mtu mwema na mpangaji mzuri, lakini mbwa asiyesikia lolote, mwenye taya kama hizo, siwezi. Nakwenda kupiga simu."

Baba Mdogo alipiga magoti kwenye saruji yenye vumbi, na shati lake jeupe, akamshika Sponji kichwa kwa mikono yote miwili. Mbwa akamlamba pua, akachomoka, akidhani ni mchezo.

Mwalimu akaitoa fimbo kwapani, akageuka, akaanza kuvuka ua.

Goti lile lilikuwa na mwendo wake: hatua mbili, pumziko. Hatua mbili, pumziko. Na fimbo ilikuwa na chuma mwishoni, na ua wetu ni wa saruji.

*Ko ko.* Kimya.

Sponji aliinua kichwa, akamfuata.

*Ko ko.* Kimya. Sponji akasogea tena. Mwalimu aligeuza shingo, akaiona ile sura nyuma yake, akajikaza.

*Ko ko.*

"Fundi, mwite mbwa wako!"

"Sponji! Njoo!" aliita Baba Mdogo. Lakini Sponji alikuwa ameitwa na mwingine, tena kwa lugha anayoielewa.

*Ko ko.* "Ananifuata!" *Ko ko.* "Fundi, ananiwinda!" Kadiri alivyomkimbia ndivyo alivyomwita, na Sponji, ambaye asubuhi nzima alikuwa hajaelewa lolote, sasa alitii kila neno, masikio yake mabovu yamesimama kwa furaha. Mwalimu alifika ukutani. Hakukuwa na pa kwenda. Aliinua fimbo juu.

"Mwalimu, usimpige!" Sauti ile sikuijua. Ilikuwa ya Baba Mdogo, na ilijaza ua wote. "Gonga chini! Mara moja tu!"

"Nigonge nini?"

"Saruji!"

*Ko.*

Sponji akaketi pale pale, mbele ya vidole vya miguu ya Mwalimu, kifua mbele, macho juu, akisubiri.

Mwalimu alimtazama mbwa. Mbwa alimtazama Mwalimu. Kisha, na hili nililiona kwa macho yangu, uoga ulimtoka usoni kidogo kidogo, na mahali pake kikaingia kitu ambacho bila shaka madarasa mengi yalikijua. Alisogea pembeni, hatua mbili, makusudi. *Ko ko.* Sponji akaja. *Ko.* Akakaa.

"Kumbe anasikia," alisema Mwalimu.

"Anasikia sana," alijibu Baba Mdogo. Alikuwa amesimama, magoti yamejaa vumbi, na maneno yalimtoka kama ile misumari siku ya kochi. "Lakini sitakudanganya, Mwalimu. Ulisema kwa mdomo, na kwa mdomo ameshindwa. Kosa si lake. Mimi ndiye nisiyejua kusema. Nimemlea na mdomo uliojaa misumari, akajifunza nilichokuwa nacho. Ukimpeleka kule bandani, nani atamgongea? Wale wa mapigano watamfundisha, maana huyu hujifunza chochote anachofundishwa. Kwa hiyo nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu."

Mama Mdogo alijifuta macho kwa rasta aliyokuwa ameishika.

"Sharti la mdomo nani aliliweka?" Mwalimu aliuliza.

"Wewe, Mwalimu."

"Aliyetunga mtihani ana haki ya kuusahihisha. Lilikuwa swali baya." Aligonga mara moja, ingawa Sponji alikuwa amekaa tayari, nadhani alitaka tu kuona. "Abaki. Lakini barabarani atembee kwa mkanda, na wewe utembee na kitu cha kugonga. Si nguzo."

Seremala alipiga makofi. Mama Mdogo akamrukia mumewe shingoni mbele za watu, na shati jeupe likawa halina tena la kuokolewa.

Hivyo hakuna aliyeangalia ngazi. Mwalimu alikuwa anapanda kwake, mkono mmoja kwenye reli, fimbo kwenye mwingine, hatua mbili na pumziko, na Sponji alipanda naye. Tulishtuka tuliposikia sauti kutoka dirishani.

"Fundi! Mwanafunzi wako yuko kwenye zulia langu. Nimegonga akakaa, na sasa siwezi kwenda jikoni bila kumwita."

Baba Mdogo alipanda mbio. Aliteremka amembeba Sponji kifuani kama mto mkubwa wa kochi, miguu minne ikining'inia, mkia ukimpiga mbavu. Mwalimu alitokeza mlangoni juu yao.

"Kesho umlete asubuhi. Daktari anataka goti hili litembezwe, na peke yangu naona uvivu." Alisita. "Ila umlete kabla sijavaa miwani. Ile sura nitaizoea polepole."